Namna ya kutumia kitabu cha safari kutafuta pa kulala na gari lako ukitokea Dodoma

Nina Hiace ya zamani, ile ya paa refu, nimeng'oa siti zote za nyuma nikaweka kitanda cha mbao, beseni la kuoshea vyombo na jiko la gesi la mtungi mdogo wa kilo 6. Hapa mtaani wanaiita gari la maiti, sawa tu, nimeshazoea. Ila kila anayechungulia ndani lazima aulize, sasa ukisafiri nayo unalala wapi? Nikimwambia natafuta kwenye kitabu anacheka, ananiambia siku hizi si kuna simu bana.

Simu ninayo, na programu kama iOverlander naitumia, wasafiri wanaweka humo sehemu walizolala na maelezo yao. Lakini kwenye simu kila mtu kalala sehemu moja anaisifia au anaitukana hiyo hiyo, wakati mwandishi wa kitabu kazunguka kote, kwa hiyo akisema hapa pana nafuu kuliko pale ujue pale nako kafika. Ubaya wa kitabu ni kwamba kinazeeka. Na hakizeeki chote kwa mwendo mmoja, hilo ndo la kushika: bei, namba ya simu, hali ya barabara na mwenye eneo vinazeeka haraka, ila mto, mlima, mteremko, upepo na mamba viko palepale. Ukijua kutenganisha hayo mawili hata kitabu cha miaka 15 nyuma kitakufaa.

Naanza na kuangalia umri wa kitabu. Usiangalie jalada, fungua kurasa za mwanzo kule kwenye hakimiliki utafute mwaka wa toleo, alafu utoe kama mwaka mmoja, maana mwandishi huwa anazunguka kwanza ndo kitabu kinakuja kuchapwa. Kama ukurasa umechanika (mi vitabu vyangu ni vya mtumba, vingine vimeshapoteza mpaka jalada) kuna njia ya kienyeji, fungua ukurasa wa Dodoma. Kikisema Dodoma ni mji wa usingizi usio na sababu ya kulala hapo zaidi ya usiku mmoja, hicho ni cha kabla serikali haijaanza kuhamia huku mwaka 2016. Kikikuambia barabara ya kwenda Kondoa na Babati ni vumbi na mashimo, hicho ni cha kabla ya lami, ile barabara ya kilomita 251 ilizinduliwa rasmi 2018. Kikiwa kinakupangia kusafiri Dar mpaka Dodoma kwa treni ya umeme basi hongera, una kitabu kipya, hiyo imeanza 2024.

Kwa nini nakomalia barabara kwenye habari za kambi? Kwa sababu kambi nyingi zilikuwepo pale zilipo kutokana na ubovu wa barabara. Zamani mtu akitoka Arusha kuja Dodoma kwa ile njia alikuwa hana ujanja, lazima alale katikati, kwa hiyo watu walifungua vijisehemu vya kulala na kupika. Lami ilipokuja wasafiri wakawa wanapita moja kwa moja, vijisehemu vikafa au vikageuka kitu kingine. Hii imenikuta mwenyewe. Nilikuwa na mama watoto na watoto wawili, kitabu kikasema kuna kambi yenye miti ya kivuli na bafu la maji moto, tukafika jua linazama, miti ipo kweli, ila chini ya miti kulikuwa na Fuso tatu na marobota ya mahindi mpaka kwenye dari la lile bafu. Mlinzi akatuangalia akasema wazungu waliacha kuja zamani. Sio kosa la kitabu, kosa langu sikupiga simu.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni kupiga simu, na hapa napo kuna mtego. Vitabu vya zamani vina namba zinazoanza na 0744, 0748 au 0741. Hizo zilishabadilishwa miaka mingi, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784 na 0741 ikawa 0713, kwa hiyo badilisha hizo tarakimu za mwanzo ujaribu, mara nyingi inaita kabisa. Usiipige kama ilivyo, maana namba za 074 zimerudi tena mtaani kwa wateja wapya na utamkuta mtu hana habari na kambi yoyote, mi nilishaongea na dada mmoja dakika tano nzima anadhani nataka kupanga chumba chake. Namba ya mezani inayoanza na 026 ni ya kanda yetu hii, Dodoma, Iringa, Singida na Tabora, nyingi zimekufa ila za misheni na taasisi kubwa zingine bado zinapokelewa.

Ukipata mtu usiulize "mna kambi?" Kila mtu atasema ndiyo, karibu sana. Uliza vitu ambavyo jibu lake linamtoa kitini. Mazungumzo yangu huwa hivi:

– Shikamoo mama.
– Marahaba, hujambo.
– Sijambo mama. Mi nina Hiace, nalala humohumo ndani ya gari, sihitaji chumba. Nahitaji pa kupaki, choo na maji ya kuoga. Geti lenu gari refu linapita?
– Linapita, hata basi liliingia msiba wa mwaka jana.
– Na usiku kuna mlinzi au mnafunga tu?
– Mlinzi yupo, ila na wewe usije usiku sana, analala huyo.

Hapo tayari umepata habari tatu ambazo kitabu hakina: geti, mlinzi, na kwamba mlinzi analala. Ongezea maji yanatoka bombani au yanaletwa kwa madumu, na umeme ukikatika kuna nini. Bei iulize mwisho, ukishasikika kama mtu na sio kama mteja wa dola.

Bei yenyewe kitabuni ipuuze kabisa. Imeandikwa kwa ajili ya mgeni, kwa dola, na kwenye hifadhi za taifa mara nyingi imeandikwa bila kodi ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 18. Sisi raia tuna viwango vyetu vya shilingi na viko chini mno, kwa hiyo usiogope Ruaha au Mikumi kwa sababu umeona dola 30 kwenye kitabu. Beba kitambulisho cha taifa, angalia viwango vya mwaka huo kwa TANAPA wenyewe, yaani shirika la hifadhi za taifa, na ujue malipo ni ya kielektroniki, usije ukafika getini na burungutu la noti ukadhani utamalizana na askari. Kibali kinahesabiwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa nne asubuhi una mpaka saa nne kesho yake, panga mwendo wako hapo.

Kwenye hifadhi kitabu kitakutajia kambi za umma na kambi maalumu, na watu wanachanganya sana hapa, wanadhani maalumu ndo yenye mambo mazuri. Ni kinyume chake. Kambi ya umma ina choo, maji na banda la kupikia ila unachangia na wenzako. Kambi maalumu unalipia zaidi ili uwe peke yako na hakuna kitu chochote, ni mti na ardhi, maji unakuja nayo, takataka unaondoka nazo, na lazima uwe umeweka oda mapema. Kwa gari kama langu naenda ya umma, sina sababu ya kulipia upweke. Na matunda usiache ndani ya gari dirisha likiwa wazi, tembo ananusa embe kwa mbali na hana habari na kitasa chako.

Sasa tuje kwenye kusoma maelezo yenyewe. Karibu vitabu vyote vya safari vya nchi yetu vimeandikwa kwa watu wa aina mbili, mwenye begi mgongoni na mwenye Land Cruiser. Wewe wa Hiace au Noah au Coaster hujafikiriwa, kwa hiyo lazima utafsiri. Alama ya hema haimaanishi gari linalala, inamaanisha kuna nyasi, na pengine gari linabaki nje barabarani. "Inafikika gari lolote kiangazi" ujue ni udongo mweusi wa mbuga, kiangazi mgumu kama saruji, mvua ikinyesha mara moja tu unakanyaga unateleza kama sabuni na tairi zinabeba tope mpaka hazizunguki. "Kilomita mbili za mwisho ni mbaya kidogo" kama aliyeandika alikuwa na Land Cruiser ya mkonga, wewe shuka utembee kwanza. Na kama maelezo yanasifia mandhari aya nzima ila choo hakijatajwa hata kwa neno moja, choo hakuna, au kipo na ni heri kisingekuwepo.

Tafuta pia mwandishi alipita mwezi gani, wengi wanakuja Juni mpaka Oktoba maana ndo msimu wao wa kuona wanyama. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo huyu mtu Dodoma yetu ya mvua hajaiona. Ndo maana utakuta anakuelekeza upige kambi kwenye mchanga mweupe wa korongo, pazuri, pamenyooka, pana kivuli cha migunga. Kiangazi sawa. Masika usithubutu, korongo linashuka ghafla kutoka mvua iliyonyesha milimani huko ambako wewe hukuiona wala kuisikia, unaamshwa na maji ya tope yenye magogo. Watu na magari wanapotea hivyo. Huku ukiona mchanga msafi usio na jani ujue kuna kitu huwa kinaufagia. Na huyohuyo wa Juni hakuambii baridi, usiku wa Juni na Julai Dodoma kuna upepo unapita mpaka kwenye nati za gari, beba blanketi mbili na paki pua ya gari ielekee upepo unakotoka.

Kuna ishu ya namba za ramani na hii naomba ukae nayo vizuri maana ndo inapoteza watu. Vitabu vingi vya zamani vinaandika eneo kwa nyuzi na dakika, wakati simu nyingi zinataka desimali. Mfano Dodoma mjini ni kama 6°10′ kusini na 35°44′ mashariki. Ukiingia kwenye simu ukaandika 6.10 na 35.44 umeshapotea, kwa sababu dakika ni sehemu ya 60 na sio ya 100. Chukua 10 gawa kwa 60 unapata 0.167, chukua 44 gawa kwa 60 unapata 0.733, kwa hiyo unaandika 6.167 na 35.733. Yule wa kwanza atapelekwa zaidi ya kilomita 30 magharibi, upande wa Bahi huko, anazunguka porini anatafuta jengo la Bunge. Na usisahau alama ya kutoa mbele ya ile namba ya kusini, -6.167, ukiisahau simu itakuonyesha kusini magharibi mwa Ethiopia na utashangaa mbona safari imekuwa ndefu. Mi nafanya hesabu zote nyumbani siku moja kabla, naandika desimali kwa penseli pembeni ya ukurasa.

Njia mbili za mfano, zote zinaanzia hapa mjini.

Ya kusini ni Dodoma kwenda Iringa, kama kilomita 260, lami tupu. Kitabu karibu chochote kitakuambia ulale Mtera kando ya maji, ni nusu ya safari. Mtera ni bwawa la umeme, maji yanapanda na kushuka, kwa hiyo ile "kambi ufukweni" ya kitabuni mwezi wa tano inaweza kuwa imeingiliwa na maji na mwezi wa kumi na moja ukakuta maji yako mbali na katikati kuna tope lililopasuka ambalo linaonekana kavu kwa juu. Usishushe gari kwenye lile tope. Na ukiwa pale kaa mbali na ukingo, mle kuna viboko na mamba, kiboko usiku anatoka kula majani na njia yake haikwepi Hiace. Mi nanunua samaki kwa kina mama barabarani, nalala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni mbali na maji, nakaanga perege wangu kwa amani. Ukivuka Iringa ukashika njia ya Mbeya, kama kilomita 50 hivi kuna shamba la Kisolanza ambalo madereva wa magari ya safari ndefu wote wanalijua, hiyo ni moja ya zile ambazo utazikuta kitabu cha zamani na cha sasa. Jina likijirudia kwenye matoleo mawili yaliyopishana miaka kumi, hilo lipe uzito.

Ya kaskazini ni Kondoa. Ukipita Kondoa mjini unafika Kolo, ndo lango la michoro ya miambani ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Hapa vitabu vinakubaliana: unaanzia ofisini Kolo, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, alafu ndo unapanda. Wasichosema kwa sauti ni kwamba barabara ya kutoka kijijini kwenda miambani sio ya gari lenye tumbo la chini, kwa hiyo ulizia palepale ofisini gari libaki wapi na ulale wapi, wanajua, na usiache kuuliza korongo likoje kama ni masika.

Ukikosa kambi kabisa, kitabu bado kina kazi. Angalia orodha ya nyumba za wageni na misheni, tafuta zenye neno uwanja, ukuta au maegesho. Unaingia mapokezi unasema nalala kwenye gari langu uani, nalipia choo, bafu na ulinzi. Wa kwanza atashangaa, wa pili atamuita meneja, meneja atataja bei ya chumba, wewe unacheka mnaelewana. Saini kitabu cha wageni kama kawaida. Na kama ni kijijini kusiko na chochote, usipaki tu chini ya mbuyu ukazima taa, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla giza halijaingia, jitambulishe, sema unataka kulala na kesho asubuhi unaondoka. Ukifika Ugogoni ukaanza na "mbukwenyi" kabla ya Kiswahili, utaona uso unavyofunguka. Mimi nimeshapewa uwanja wa shule, maji ya kuoga na bakuli la mlenda jioni moja.

Kwa wale wanaosoma vitabu vya Marekani kwa ajili ya kupata mawazo ya gari la kulala, ni vizuri ila jihadhari na jambo moja. Kwenye kambi zao nyingi za magari ya kulala, kila nafasi ya gari inakuwa na bomba la maji safi, umeme na bomba la maji machafu, na kitabu kinaziorodhesha kwa ampia 30 au 50. Huku hakuna, na umeme wao wa majumbani ni volti 120 wakati wetu ni 230, ukichomeka kifaa chao kwa TANESCO bila transfoma utasikia harufu tu. Huku utapewa waya wa ekstensheni kutoka jikoni, ukunjue wote usiuache umejiviringa kwenye gurudumu lake maana unachemka, na usichomeke birika na pasi kwa pamoja. Maji ya kunywa beba ya kwako, visima vingi vya huku vina chumvi, utachemsha chai ionje kama dawa.

Hesabu ya muda nayo fanya mwenyewe. Masaa ya kitabuni usiyafuate, chukua kilomita, kumbuka kila kijiji mwendo ni 50 kwa saa na tochi za trafiki ziko nyingi, upange kufika saa kumi jioni, sio saa kumi na mbili. Ukifika saa kumi na mahali ni pabaya bado una mwanga wa kwenda kwa namba mbili kwenye orodha yako. Ndo maana kila siku naandika majina matatu na sio moja.

Ya mwisho ni penseli. Asubuhi kabla ya kuondoka naandika pembeni ya ukurasa tarehe, nilicholipa, jina na cheo cha niliyeongea naye na namba yake mpya, geti lina upana gani, na kitu kimoja cha kukera. Niliiga kwa mtu aliyekuwa na kitabu changu kabla yangu, simjui, nilikinunua chini mtaani kwa elfu tano. Ukurasa wa Iringa ameandika kwa mwandiko mdogo kwamba sehemu fulani ni nzuri ila kuna mbwa wawili wanabweka mpaka alfajiri. Nililala pale mwaka jana. Nimefuta "wawili" nikaandika watatu.